Vijana, Senema na Swala ya Magharibi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Ahli zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, kwa muda wa miezi miwili sasa barza za mtaa wetu hapa Mombasa hazina khabari nyingine illa khabari ya vijana wa senema. Wamekusanyika vijana kiasi cha kumi na tano, wengi wao wamesoma katika chuo chetu, na baadhi yao hatta juzi walikuwa wakihudhuria darsa yetu ya usiku wa kuamkia Ijumaa, wakafanya chama chao. Kila Jumamosi huchanga fedha, huchagua filamu moja, na jioni hutoka pamoja kwenda kuitazama. Juma hili huenda katika senema kubwa iliyo ng'ambo ya daraja la Nyali, na juma la pili huenda katika kibanda cha mtaani ambacho siku nyingine huonyesha mpira. Wakisha toka huketi kwa muuza kahawa hatta saa nne za usiku, wakaijadili filamu ile, huyu akisifu na yule akitoa makosa.

Wazee watatu wa mtaa walitujia baada ya swala ya Alasiri wakatutaka tuandike maneno makali juu ya jambo hili, kisha maneno hayo yasomwe msikitini siku ya Ijumaa, na majina ya vijana yatajwe mbele za watu ili wazazi wao wapate haya. Mmoja wao alisema, “Udongo upate ungali maji.” Ni kweli, lakini wale vijana si udongo wa maji tena, wengine wana ndevu, na mmoja wao anatarajia kuoa mwezi wa Mfungo Mosi. Jamaa wa darsa walinichagua mimi kuandika. Nimeishika kalamu mara mbili, na mara mbili nikaiweka chini, kwa sababu nitakazozieleza, na mojawapo inanihusu nafsi yangu.

Kwanza tuseme kweli, kwani kalamu isiyosema kweli haifai kuandika dini. Senema haikuingia mji huu jana. Wazee wetu hawa wote wanazijua Regal, Majestic na Naaz kama wanavyozijua njia za nyumbani kwao. Filamu za Kihindi kama Awara ya mwaka 1951, Mother India ya mwaka 1957 na Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 zilipendwa pwani yote ya Afrika ya Mashariki, na waliozitazama hawakuwa Wahindi peke yao. Unguja na miji mingine ya pwani iliwekwa hatta siku ya wanawake peke yao, wakatoka kwa mabuibui yao, makundi kwa makundi, wakaketi ndani pasi na mwanamume. Mahadhi ya nyimbo zile yalishika katika masikio ya watu, yakaingia katika taarabu zetu. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, jina lake lilivuma kwa kuyaimba maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi, na arusi nyingi za mji huu zilichezwa kwa sauti yake. Kisha zikaja kanda za video katika miaka ya 1980, na baadaye televisheni za setilaiti, watu wakaketi majumbani, na majumba ya senema yakafungwa moja baada ya moja. Hapa kwetu Kenya yako ambayo yamekuwa maduka, na yako ambayo leo ni makanisa. Basi mzee akisema, “Zama zetu hayakuwako haya,” na amwogope Mwenyezi Mungu. Yalikuwako, na tiketi alikata.

Na mimi nilikata. Nalikuwa na miaka kumi na mine. Baba alinipa fedha ya mwalimu wa chuo niipeleke, nami nikaenda nayo senema pamoja na wenzangu wawili. Jina la filamu nimelisahau, wala sikumbuki kisa chake illa kwamba palikuwa na farasi na mama mmoja akilia. Tulipotoka nje adhana ya Isha ilikuwa yasomwa, na Magharibi imekwisha tupita tukiwa gizani tukicheka. Nilipofika nyumbani baba aliniuliza, “Umeswali wapi Magharibi?” Nikamtajia msikiti mmoja. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mimi nami niliswali humo.” Hakunipiga. Alitia mkono mfukoni akatoa fedha nyingine kiasi kile kile, akaniambia nimpelekee mwalimu kesho, kisha akaingia ndani kulala. Tangu usiku ule hatta alipofariki hakuniuliza tena nimeswali wapi, na katika maisha yangu sikupata adhabu nzito kuliko ile ya kutoulizwa.

Nimeyaeleza haya ili ndugu msomaji ajue anayesema naye ni nani, na kwa nini sikuweza kuandika majina ya watoto wa watu katika karatasi.

Tuje katika hukumu. Asili ya mambo, kama walivyotwambia maulamaa, ni kwamba yote ni halali illa lile ambalo imekuja dalili ya kuliharamisha. Je, kutazama mchezo ni haramu kwa dhati yake? Katika hadithi sahihi zilizopokewa na Bukhari na Muslim imo khabari ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki yao siku ya Idi, nao walicheza ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.). Mtume mwenyewe alisimama akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) naye akitazama nyuma ya bega lake, wala hakumwondoa mpaka alipochoka mwenyewe. Lau ingekuwa kutazama tu ni dhambi, Mtume asingalisimama akamtazamisha mkewe. Na Sahaba Hanzala (R.A.) alipokuja akilia kwamba amekuwa mnafiki, kwa kuwa mbele ya Mtume huikumbuka Akhera kama aionaye kwa macho na akirudi kwa mke na watoto husahau, Mtume alimtuliza kwa kumwambia kwamba mambo ni saa kwa saa. Dini yetu haikumtaka mtu awe malaika.

Wako wanaotoa hoja ya picha. Hoja hii ina ihtilafu kubwa. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri na akafariki mwaka 1935, aliandika risala nzima akihalalisha picha za kamera, kwa maelezo kwamba yule hakuumba sura, bali amekizuia kivuli kwa chombo, mfano wa kioo. Wengine walimpinga. Lakini nawauliza wenye kushika kauli ya kuharamisha: picha zenu zi wapi? Katika pasipoti, katika kitambulisho, katika ukuta wa sebule, na katika simu mliyonayo kifuani huku mwaswali. Mtu hawezi kushika kauli moja kwa mwanawe na nyingine kwa nafsi yake.

Wako pia wanaosoma aya ya Sura ya Luqman inayowataja wanunuao maneno ya pumbao. Wafasiri wengi wamesema sababu ya kuteremshwa kwake ni Nadhr bin al-Harith, mfanyi biashara wa Kikureshi, aliyekuwa akileta visa vya wafalme na mashujaa wa Kiajemi, Rustam na Isfandiyar, akiwasimulia watu ili waache kuisikiliza Kurani. Tutazame vizuri. Nadhr hakulaumiwa kwa kujua hadithi za Rustam, kwani Kurani yenyewe imejaa visa. Alilaumiwa kwa sababu aliziweka zikae mahali pa maneno ya Mwenyezi Mungu, ziwapoteze watu njia. Aya ile ni upanga, na upanga haupunjwi ovyo.

Sheikh Yusuf al-Qaradhawi katika kitabu chake cha Halali na Haramu, kilichotoka mwaka 1960, aliulizwa khabari ya senema, akajibu kwamba ni chombo, na hukumu yake ni hukumu ya kile kinachotumiwa kwacho. Akaihalalisha kwa masharti: kinachoonyeshwa kisalimike na uchafu na mambo yanayokwenda kinyume cha itikadi na adabu za Uislamu, kisimpitishe mtu wajibu wake wa dini, na khasa swala, naye aliitaja Magharibi kwa jina, na pasiwe na kuchanganyika wanaume na wanawake wasiokuwa maharimu, khasa kwa kuwa senema hutazamwa gizani. Nionavyo mimi, kauli hii ni ya mtu aliyeujua mji na watu wake. Tutaitumia kama mizani.

Sharti la kati ndilo lililonitoa usingizi. Hapa kwetu jua huchwa karibu na saa kumi na mbili na nusu, hupungua au kuzidi kidogo kwa msimu, na Isha huingia baada ya saa moja na dakika kumi hivi. Vijana wetu walikuwa wakiingia katika filamu ya saa kumi na mbili. Ikiwa ni ya Kizungu, ya saa mbili, watatoka na adhana ya Isha imekwisha somwa. Ikiwa ni ya Kihindi, ya saa tatu, hatta mapumziko yake huja mwisho wa Magharibi, na mapumziko hayo watu huyamaliza katika safu ya kununua bisi na soda. Hesabu hii haitaki uchawi. Kila Jumamosi, Mwislamu baleghe mwenye akili timamu, aketi katika kiti laini naye ajua kwamba swala ya faradhi inampita; si kwa usingizi, si kwa kusahau, bali ameilipia fedha.

Nilipomwambia mmoja wao maneno haya alinijibu kwa adabu, “Maalim, sisi hukusanya. Twaiswali Magharibi pamoja na Isha. Mtume alikusanya Madina pasi na khofu wala mvua.” Nalifurahi, wallahi, kwamba anaijua hadithi ya Ibn Abbas (R.A.), nayo ni sahihi, imo katika Muslim. Lakini nikamwuliza, “Je, mwanangu, umesoma na yale waliyoyasema wanavyuoni juu yake?” Wale walioichukua kwa dhahiri yake, nao ni wachache, wameruhusu kukusanya kwa haja iliyomfika mtu naye ni mkaazi, kwa sharti kwamba asilifanye jambo hilo kuwa ada. Na ada ni nini kuliko kila Jumamosi? Aliinamisha kichwa. Akasema, “Hilo hatukufundishwa.” Nikatahayari mimi, kwa sababu aliyepaswa kumfundisha ni mimi.

Aya ya mwisho ya Sura ya Ijumaa yatosha kumliza mwenye moyo. Walikuwa watu wamo katika khutba; ukaingia msafara wa biashara Madina, wakatoka wakaukimbilia, wakamwacha Mtume (S.A.W.) amesimama. Jabir (R.A.) asema hawakubakia illa watu kumi na wawili. Hawa walikuwa Sahaba, watu bora wa umma huu, na jicho la Mtume likiwatazama. Na Mwenyezi Mungu alipowakosoa hakuwaambia kwamba biashara ni haramu wala hakuwaita makafiri. Aliwafahamisha tu kwamba kilichoko kwake ni bora kuliko pumbao na biashara. Nasi tukitaka kuwakosoa watoto wetu na tuzuie ulimi pale alipouzuia Mola.

Ama sharti la kwanza, la kile kinachoonyeshwa, hapa sina laini ya kusema. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Nuru waumini wanaume wainamishe macho, kisha akawaamrisha waumini wanawake vile vile. Wala amri hiyo haikuondolewa kwa sababu aliye uchi ni kivuli juu ya kitambaa. Kijana akisema, “Si mtu wa kweli yule,” mwambie: na moyo wako unaotaharuki, nao si wa kweli? Ziko filamu ambazo mtu hawezi kuketi na mamake akazitazama, na kipimo hicho chatosha bila ya kitabu. Serikali ya nchi yetu ina sheria ya filamu tangu mwaka 1962, na Bodi ya filamu huziwekea alama: GE ni kwa watu wote, PG ni mtoto awe na mzazi wake, kisha 16 na 18. Mwezi wa Januari 2014 bodi hiyo ilipiga marufuku filamu nzima ya Kimarekani, The Wolf of Wall Street, kwa uchafu wake. Basi ikiwa serikali isiyohukumu kwa dini imeona haya, Mwislamu je? Lakini ni baba wangapi wanaozijua alama hizo? Na katika kibanda cha mtaani hakuna anayeuliza umri. Mtoto wa miaka tisa mwenye shilingi zake huingia akaketi mbele kabisa.

Na hapa niwageukie wazee wangu, wanisamehe. Baba amkataza mwanawe kwenda senema pamoja na wenzake kumi na wanne, mahali penye taa za kuingilia na watu wanaojuana, kisha humnunulia simu, akalala nayo chini ya mto, peke yake, mlango umefungwa. Yote yaliyomo katika senema yamo humo na mabaya zaidi, wala humo hamna bodi, hamna rafiki wa kusema, “Toka, tuondoke.” Na wako wanaolaumu saa tatu za senema nao wameketi barzani tangu Alasiri mpaka Isha, mashavu yamejaa mirungi, wakila nyama za ndugu zao kwa kusengenya. Magharibi yao huiswali mbio mbio kisha wakarudi pale pale. Hao nao tuwasome majina siku ya Ijumaa? Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932 katika mji huu, hakuogopa kuwaambia wakubwa makosa yao, wala hakuanza na watoto.

Kuna mwingine akasema, “Hatta Saudia kwenyewe siku hizi kuna senema.” Ni kweli kwamba ufalme wa Saudia, baada ya majumba hayo kutokuwapo tangu miaka ya mwanzo ya 1980, uliruhusu kufunguliwa la kwanza mjini Riyadh mwezi wa Aprili 2018. Hilo si dalili ya kuharamisha wala ya kuhalalisha. Sisi hatukuamrishwa kufuata ada za wafalme, walipofunga wala walipofungua.

Nikawaita vijana wanne nyumbani kwangu, tukala pamoja, kisha nikawauliza wanaipata faida gani. Walisitasita. Mkubwa wao akasema maneno ambayo tangu nisikie siyasahau. “Maalim, usitukasirikie. Darsani twaketi saa nzima, kitabu chasomwa, sisi twatikisa vichwa. Mtu akiuliza huambiwa anyamaze, asije akatia shaka. Kule kwa muuza kahawa kila mtu huulizwa: wewe umeona nini? Nami sijapata kuulizwa nimeona nini.”

Ndugu zangu wa darsa, hili tutalijibu nini? Kitabu tukisomacho tumekikhitimu mara tatu na kukirejea, na kijana huyu ameketi mbele yetu tangu ana miaka kumi. Sahaba walimwuliza Mtume (S.A.W.) mambo mazito na mepesi, hatta mambo ya faragha za nyumba, naye aliwajibu. Kijana mmoja alimjia akamwomba ruhusa ya kuzini! Waliokuwapo wakamkemea, lakini Mtume alimsogeza karibu, akamwuliza: wewe wampendelea mamako hayo? Bintiyo je? Dada yako je? Akamwuliza, akamwuliza, mpaka yule kijana akajijibu mwenyewe, kisha akamwekea mkono akamwombea dua. Sisi kijana akituuliza khabari ya jini na simu twamwambia anyamaze.

Wanne wale waliniomba nitazame pamoja nao filamu moja waichague wao, nami nikakubali, kwani sikutaka kuhukumu kisichoonekana. Walichagua Ar-Risala ya Mustafa al-Akkad, iliyotoka mwaka 1976, aliitengeneza mara mbili, ya Kiarabu na ya Kizungu, kila moja na waigizaji wake, na katika ile ya Kizungu Anthony Quinn aliigiza kuwa Hamza (R.A.). Sura ya Mtume haikuonyeshwa hatta mara moja, wala sauti yake haikusikiwa. Naungama kwamba pale Bilal (R.A.) alipopanda kuadhini niliona macho yangu yamejaa machozi, na wale vijana waliniona. Bado nina shaka katika kuigizwa Sahaba, na maulamaa wengi wa zama hizi wamekataza. Nimewaambia hivyo waziwazi. Lakini wapate kujua na khabari yake nyingine. Mwezi wa Machi 1977, mjini Washington, Waislamu kumi na wawili wenye silaha waliyashika majengo matatu, wakateka watu zaidi ya 100, na katika walilolitaka ni filamu hii iondolewe, wakiiona ni kumkufuru Mtume. Mtu aliuawa katika siku zile. Na filamu waliyoitolea silaha haikuwa na sura ya Mtume ndani yake.

Ndiyo maana sikuandika majina.

Tuliyokubaliana na vijana ni haya. Waache filamu ya saa kumi na mbili kabisa. Nilitaka waende baada ya Isha, wakanionyesha kwamba gari za kurudi huwa chache saa hizo na mama zao hawalali mpaka warudi. Nikaona wasema kweli. Basi waiswali Alasiri kwa jamaa, waingie filamu ya saa kumi, na wachague isiyozidi saa mbili, ili Magharibi iwakute nje. Filamu za Kihindi ndefu, hapo wana shida, nami sikuwatafutia dawa. Alama ya 18 hawataigusa, na lau katikati kutatokea la kuwatahayarisha watatoka, fedha ipotee. Khabari ya wasichana waliotaka kuingia katika chama nimewaambia wasiketi pamoja nao gizani, bali wakiwapo mama au shangazi za kuwachukua wenyewe kwa siku yao, kama walivyofanya bibi zao, mimi sina la kuwazuia. Jambo hili jamaa wawili wa darsa hawakuliafiki, na wamenitaka niandike kwamba hawakuliafiki, nami nimeandika.

Nasi kwa upande wetu, nusu ya pili ya darsa kuanzia mwezi ujao itakuwa ya maswali, kitabu kifungwe. Aulize atakaye, na asiyejua kati yetu aseme sijui.

Wazee watatu hawakuridhika. Mmoja amekwisha niambia kwamba nimewafungulia mlango, na tangu siku hiyo salamu yangu aijibu kwa nusu sauti. Ana haki ya kukhofu. Ana wajukuu watatu katika chama kile.

Jumamosi iliyopita vijana walikwenda kwa saa yao mpya. Niliketi katika baraza ya msikiti tangu saa kumi na mbili na robo, nami najua kwamba haikuwa kazi yangu kuketi pale. Adhana ilipoanza waliingia kutoka njiani, wengine wakikimbia, wakaenda kutawadha. Nilihesabu kumi na mmoja. Wane hawakuwamo, na walipokuja baadaye kwa Isha niliwapa mkono, wala sikuwauliza waliswali wapi Magharibi, kisha nikalala na majuto kwa kutowauliza, kwa kuwa naijua adhabu ile. Juma hili, inshallah, nitawauliza.

Wallahu aalam.